Kinu Kilekile

Hotuba iliyotolewa ukumbini mwa hekalu, jioni ya maadhimisho



Kamati ilitutaka tuzungumze juu ya kuanza upya katikati ya umri. Tulipouliza kwa nini tumechaguliwa sisi, tukajibiwa kwamba tumeuza khanga na vitenge Kariakoo kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha siku moja tukaondoka kwenye meza ya mauzo tukiwa bado na nguvu, na watu wamekuwa wakiuliza kulikoni. Jibu tunalo, lakini halieleweki peke yake. Tumeonelea tuanze na mtu mwingine, ambaye alianza upya kwa njia ngumu kuliko yetu, na ambaye baadhi ya wazee waliomo ukumbini humu walimfahamu vizuri.

Kabla hatujaingia huko, mtusamehe jambo moja. Mtatusikia tukisema “sisi” mahali ambapo mwingine angesema “mimi”. Marehemu baba alitukataza neno “mimi” dukani. Alisema duka lina watu wengi kuliko wale wanaoonekana, na anayesema “mimi” huwa amesahau angalau mmoja wao. Tukalelewa hivyo, na sasa ulimi haukubali vingine.

Mzee Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimjua kwa jina la Andy, alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akalelewa Bukene, kijiji cha biashara kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Biashara ya ukoo ilianza kwa duka la kawaida, kama yalivyoanza maduka ya wazee wetu wengi, kisha ikakua hadi kuwa ya vinu vya kusagia nafaka. Kabla ya Uhuru alikwisha kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alipofika miaka thelathini na minane alikuwa na kila kitu ambacho mtoto wa duka la Bukene angethubutu kukiota.

Ndipo ikaja Februari 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5. Siku iliyofuata yakataifishwa mabenki, kisha zikafuata kampuni za kusaga nafaka, na vinu vya ukoo wa Chande vikiwamo. Fidia iliahidiwa. Lakini hebu fikirini mtu aliyelala akiwa mwenye vinu, akaamka akiwa hana hata kimoja, na bila ya kosa lolote alilotenda. Sisi tulikuwa na miaka tisa. Tunachokumbuka ni baba akiwa amesimama karibu na redio, na mama amesimama mlangoni akiwa na kijiko cha daal mkononi, akisubiri aambiwe kama chakula kiletwe au kisiletwe.

Serikali ilipokwisha kuvichukua vinu, ilimwomba Chande abaki aviendeshe. Naye akakubali. Mtu aliyekuwa mwenye mali akawa mtumishi wa umma, akawa Meneja Mkuu wa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi wetu tulilijua kwa herufi tatu, NMC. Tumejaribu mara nyingi kuiwaza asubuhi ile ya kwanza. Mashine zanguruma kama jana, vumbi la unga ni lilelile, magunia yapangwa na mikono ileile. Kilichobadilika ni jina la mwenyewe tu. Na yeye aingia kwa mlango uleule alioingilia jana, aketi, aulize tani ngapi zimesagwa.

Nyumbani kwetu jambo hili lilijadiliwa kwa miaka. Baba alikuwa na swali moja ambalo hakuchoka kuliuliza: mtu akichukuliwa kinu chake, atawezaje kumsagia aliyekichukua? Aliliuliza kwa mshangao zaidi ya hasira. Hakuwa akimtukana mtu yeyote. Alikuwa hajui tu jibu, na kutojua kulimuuma.

Mwaka 1971 swali likatufikia wenyewe. Sheria ya mwezi Aprili mwaka ule iliyahusu majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wameyapangisha, na jengo lililokwisha kupita miaka kumi tangu kujengwa halikuwa na fidia. Nyumba ya baba pale Kariakoo, duka chini na vyumba juu, ilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ilijengwa mwaka tuliozaliwa. Mama alikuwa akisema sisi na nyumba tu pacha. Kuanzia mwaka ule tukawa wapangaji katika pacha letu. Ndugu zetu wengi wakaondoka, huyu Uingereza, yule Kanada, na mwaka uliofuata tukasikia yaliyowafika wenzetu wa Uganda, ambao hata kuwa wapangaji hawakuruhusiwa. Baba hakuondoka. Lakini tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayejenga ukuta. Kila shilingi ilikuwa tofali.

Na sisi tukaurithi ukuta ule. Tuliishia kidato cha nne, mwaka 1975, tukaingia dukani. Tukapita miaka ya uhaba, wakati khanga zilipokuwa zikigawanywa kwa foleni. Tukapita miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na majora yakaanza kuingia kwa makontena. Baba alipofariki mwaka 1994 tulikuwa na duka moja. Kufikia mwaka 2010 tulikuwa na matatu na maghala mawili, na wateja wa mali kauli kutoka Songea hadi Bukoba. Mnaoijua biashara hii mwafahamu maana ya mali kauli: mtu achukua mzigo wa mamilioni kwa neno la kinywa, na daftari ndilo shahidi pekee. Daftari letu halikuwa na doa. Tulijivuna nalo kuliko maghala.

Majirani zetu huenda hamjui kwamba sisi Wagujarati huyafanyia madaftari ibada. Usiku wa Diwali kitabu kipya cha hesabu, tukiitacho chopda, huletwa mbele ya Lakshmi, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh. La kwanza ni heri, la pili ni faida. Watoto hufundishwa kuyaandika kwa mpangilio huo. Nasi tuliyaandika kwa mpangilio huo miaka yote, mwandiko mzuri kabisa, pasipo kuuliza kwa nini hili limetangulia na lile limefuata.

Sasa tuje Desemba 2011. Hapana mtu wa Jangwani asiyeikumbuka mvua ile. Mto Msimbazi ulitoka kitandani mwake ukaingia vitandani mwa watu. Watu wakapanda juu ya mapaa. Wengine walipoteza roho, na baadaye familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Kariakoo ipo juu kidogo, nasi tulichopoteza ni siku nne za mauzo, tukanung'unika kana kwamba tumefilisika.

Siku ya tano alikuja dukani mchukuzi wetu mmoja wa mkokoteni. Jina lake hatulitaji kwa kuwa yu hai na hapendi kutajwa. Alikuwa ametubebea mizigo kwa miaka kumi na minane, kutoka ghalani hadi dukani, kutoka dukani hadi stendi ya mabasi. Tulikuwa hatujui anakaa bondeni. Tulikuwa hatujui anakaa wapi, tuseme kweli. Jioni aliegemeza mkokoteni ukutani na kesho asubuhi alikuwapo, na kwa akili zetu katikati ya saa hizo mbili hakuwa mahali popote.

Tulidhani amekuja kuomba. Tukafungua droo. Akasema hapana, bosi, naomba ruhusa niweke kitu hiki juani pale barazani, kwenye ngazi. Akatoa kifuko cha nailoni, na ndani yake daftari la shule la kurasa sitini na nne, limelowa hadi kati. Katika vyote vilivyokuwa nyumbani mwake hicho ndicho alichopanda nacho juu ya paa.

Tuliliangalia kwa udadisi tu. Kurasa zilikuwa zimegandana, lakini aliandika kwa penseli, na penseli haiyeyuki kama wino. Alikuwa ameandika kila safari: tarehe, mzigo, kutoka wapi hadi wapi, na mwishoni alama ya duara kwa iliyolipwa na msalaba kwa isiyolipwa. Tukahesabu misalaba. Katika miezi saba safari thelathini na moja hazikuwa zimelipwa. Tukaleta daftari letu, lile lisilo na doa, kusudi tumwoneshe makosa yake. Safari za wachukuzi hazikuwamo. Zilikuwa zikiandikwa kwenye vikaratasi vilivyochomekwa kwenye msumari, na vikaratasi vikizidi karani huvitupa. Tulikuwa na rekodi ya kila doti iliyotoka mlangoni tangu mwaka 1978, na hatukuwa na mstari mmoja wa mtu aliyeibeba.

Tukamuuliza kwa nini hakudai. Akasema alidai mara mbili, karani akamwambia daftari halioneshi.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliinukuu methali hiyo kila mara kwa wateja wa mikoani. Mchukuzi yule alikuwa ameifuata vizuri kutushinda, na mali yake ilikuwa imepotea, nayo imepotelea kwetu.

Tulimlipa siku ileile. Hilo halitupi sifa, deni ni deni. Lakini usiku hatukulala, na kilichotuweka macho, amini msiamini, kilikuwa swali la baba. Kwa mara ya kwanza lilitugeukia kwa upande mwingine. Miaka arobaini tuliuliza jinsi Chande alivyoweza kukaa kwenye kinu kisicho chake. Hatukuwahi kuuliza alikuwa amebakiwa na nini mkononi baada ya kinu kuchukuliwa. Alibakiwa na kujua. Kujua nafaka inunuliwe lini, ihifadhiwe vipi isiingie wadudu, mashine isimamishwe saa ngapi kabla haijaungua. Hayo hayakuwa kwenye orodha ya vilivyotaifishwa, kwa sababu hayaorodhesheki. Angeweza kupanda ndege nayo kama walivyofanya wengi, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliyaacha nchini.

Hatutaki kupamba. Shirika la NMC lenyewe halikuishia pazuri. Lilizama katika madeni, na baadaye vinu vyake vikauzwa na kurudi mikononi mwa watu binafsi. Mwenye kutaka kusema kwamba kazi ya Chande iliyeyuka na shirika anayo hoja, na tumewasikia watu wakiisema. Lakini yeye hakuishia kinuni. Aliketi katika bodi za mashirika ya umma, ya reli na ya bandari yakiwamo. Kwa miaka mingi aliongoza jumuiya inayoendesha Shule ya Sekondari ya Shaaban Robert hapa mjini, ambayo baadhi ya watoto wa ukumbi huu wamepitia. Kupitia Rotary alishughulikia mradi wa miguu bandia ya Jaipur, na wapo watu nchini hapa ambao hawajui kuandika jina lake lakini husimama kwa ajili ya kazi ile. Alipofariki, Aprili 2017, alikuwa na miaka themanini na minane. Piga hesabu wenyewe: miaka aliyoishi bila vinu ilikuwa mingi kuliko ile aliyoishi akiwa navyo.

Wala hakuwa wa kwanza. Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ya Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, aligeuza mali yake kuwa shule na hospitali. Mkienda Muhimbili mtasikia mgonjwa akielekezwa Sewahaji, na anayeelekeza hajui kwamba ametamka jina la mtu. Hatujui kama kuna kumbukumbu nzuri kuliko hiyo.

Vitabu vyetu vya kale huyagawa maisha ngazi nne, na ya tatu ni vanaprastha, mwenye nyumba anapokabidhi nyumba na kwenda msituni. Tulipomwambia Maharaj kwamba tunafikiria jambo hilo alituuliza, kwa uso usiocheka, ni msitu upi tulionao katika akili. Tukamwambia ghorofa ya kwanza, juu ya duka. Akasema unatosha, una kelele za kutosha kumjaribu mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2012, tukiwa na miaka hamsini na minne, tulimkabidhi duka mtoto wa ndugu yetu. Tukaondoa majora kwenye chumba cha juu, tukaweka mabenchi na ubao. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, yeyote mwenye biashara ndogo aliruhusiwa kupanda kujifunza daftari: mchukuzi, machinga, mama lishe, fundi cherehani, kijana wa kuuza maji. Hatufundishi kingine kwa kuwa hatujui kingine. Kilichoingia, kilichotoka, nani anadai, nani anadaiwa, na namna ya kumwomba mkubwa sahihi bila ya kumwudhi. Somo hili la mwisho huchukua wiki mbili, na ndilo gumu kuliko yote.

Mtoto wetu aliye Leicester alipiga simu akauliza kama tu wagonjwa. Wenzetu wa sokoni walisema tunawafundisha watu kutudai, na hilo, kwa kweli, ndilo tunalofanya. Wawili walikataa kutusalimia mwaka mzima. Mwezi wa kwanza walikuja watu sita, wa pili wakabaki wawili, na mmoja wao alikuja kwa sababu ya feni. Tulikaa jioni nyingi tukiutazama ubao. Mtu aliyezoea kuulizwa bei mara mia kwa siku, akikaa saa nzima bila ya kuulizwa chochote, huanza kujiona kama bidhaa iliyopitwa na wakati. Tulishuka ngazi mara nyingi tukijifanya tunaangalia stoo, tukagusa majora. Mpwa wetu alitutazama kwa huruma, na huruma ya kijana ni chungu.

Aliyetuokoa ni mchukuzi yule wa penseli. Tulikuwa tunaandika ubaoni hesabu za kufikirika, Juma kanunua maembe kadhaa. Akasimama akasema, mzee, Juma huyu hayupo, tuhesabu za kwetu. Akaleta daftari lake lililokunjamana kwa maji, akaliweka mezani mbele ya wote. Kutoka siku hiyo hatujaandika tena hesabu ya mtu asiyekuwapo. Na mtaona kwamba ametuita mzee. Miaka kumi na minane alituita bosi.

Sasa, ndugu, tuseme lililo mezani, maana hatukuja kusimulia ya zamani tu. Soko Kuu lilipoungua Julai 2021 wafanyabiashara wengi walitafuta mahali pa kuweka mizigo, na kodi za vyumba Kariakoo zikapanda. Mpwa wetu amevumilia chumba cha juu kukaa na mabenchi. Lakini ana watoto wanaosoma, na chumba kile kikipangishwa kuwa stoo kitamlipia ada zao zote. Ametuambia kwa adabu, na ana haki. Tulipokabidhi duka tulikabidhi na ngazi zake. Mwisho wa mwaka mabenchi yatashuka. Kamati inajua tunachoomba: ukumbi huu, jioni nne kwa wiki, saa moja na nusu, nyakati zisizo za ibada. Tunajua wapo wanaosema ukumbi ni wa waumini, na kwamba watu wa mikokoteni wataingia na vumbi. Vumbi lipo. Tutafagia wenyewe. Tunaomba mjadili tukiwa hatupo, kusudi mseme mnavyoona.

Tumalizie na Diwali iliyopita. Wanafunzi saba walisikia kwamba tunaleta chopda hapa, wakaomba waje na yao. Maharaj aliwakaribisha wote. Tulipofika pa kuandika ukurasa wa kwanza, mama lishe mmoja wa Mtaa wa Mkunguni alitazama Shubh yetu na Labh yetu, akauliza maana, tukamweleza. Akasema vizuri, ila yeye ataandika Bismillahi. Maharaj akamwambia andika, mama. Akaandika. Pembeni yake kijana wa kuuza maji akachora msalaba mdogo. Kisha wote tukaandika tarehe, na chini ya tarehe salio la kufungulia. La mama lishe lilikuwa shilingi 18,400. Letu hatutalitaja, kwa kuwa mpwa wetu yumo ukumbini.

Prasad ipo tayari, na majirani mwaombwa mtangulie.